Kobla ya Matufaha: Pishi la Wasiokuwa na Oveni

Mwaka 1839, mjini Cincinnati, kando ya mto Ohio, kilichapishwa kitabu kinene cha mapishi kiitwacho The Kentucky Housewife. Mwandishi wake, Lettice Bryan, alikusanya humo mapishi karibu 1,300, na kati ya pai na pudingi zake akaingiza pishi moja la pichi la kupikwa chunguni, akieleza kwamba watu wengi huliita kobla. Kisha akalitolea hukumu: si chakula cha kuwaandalia wageni wa heshima, lakini kwa watu wa nyumbani ni kizuri sana, wakikila na maziwa matamu ya baridi.

Hukumu hiyo imeiponza kobla. Chakula cha wageni huandikwa, husifiwa na kutunzwa vitabuni. Chakula cha watoto na vibarua hupikwa, kikaliwa, kikaisha. Ndiyo maana anayetaka kujua kobla ya matufaha ilitoka wapi hapati mpishi wa kwanza wa kumtaja wala mwaka wa kuuadhimisha. Inambidi aulize mti ulifikaje, sufuria ilisubiwaje, unga ulianza lini kuumuka bila hamira, na jikoni alikuwamo nani.

Kwa asiyeijua, kobla ni matunda yaliyokatwakatwa, yakatiwa sukari na viungo, yakatandazwa ndani ya chombo chenye kina, kisha juu yake yakadondoshwa madonge ya kinyunga laini, na vyote vikaokwa pamoja. Pai ina ganda chini na juu. Kobla ya namna hii ina juu tu. Matunda huchemka na kutoa rojo, madonge huumuka na kushikana hapa na pale, na rojo hupenya katikati yake likibubujika. Uso hutoka wa kahawia, wa mabonde na vilima, na hakuna mpishi anayejaribu kuusawazisha.

Mtufaha wenyewe ni mgeni Marekani. Asili yake ni misitu ya milima ya Tian Shan, katika nchi ya Kazakhstan. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alifika huko mwaka 1929 akaikuta mitufaha ya mwituni imeuzunguka mji wa Alma-Ata, na uchunguzi wa vinasaba uliofanywa miongo mingi baadaye ulithibitisha kwamba matufaha tunayokula yametokana na hiyo. Tunda lilisafiri na misafara ya biashara mpaka Uajemi, Ugiriki na Roma, likaenea Ulaya. Amerika Kaskazini ilikuwa na mitufaha yake ya porini, yenye vijitunda vichachu mno. Waingereza waliohamia huko karne ya 17 ndio waliobeba mbegu na miche ya yale ya kufugwa, na kasisi William Blaxton alikuwa na bustani ya mitufaha katika miaka ya 1620 kwenye kilima cha Beacon, ambapo leo ni katikati ya Boston. Nyuki wa asali, wanaochavusha maua ya mitufaha, nao waliletwa kwa meli. Walifika Virginia mwaka 1622.

Mbegu ya tufaha haifuati mama yake. Panda mbegu za tunda moja tamu, na kila mti utakaoota utazaa kivyake, mingi ikizaa matunda ya kukunja uso. Anayetaka tunda lile lile hana budi kubebesha, yaani kukata kikonyo cha mti mzuri na kukiunga kwenye shina la mche mwingine. Walowezi wengi waliosonga magharibi hawakuwa na miche ya kubebeshwa; walikuwa na mbegu. Na miti walilazimika kuipanda, kwa kuwa katika miaka ya 1790 Kampuni ya Ohio, iliyokuwa ikigawa ardhi, ilimtaka mtu aliyepewa ekari 100 mpakani apande mitufaha 50 na mipichi 20 ndani ya miaka 3, ili ionekane kwamba amekuja kukaa. John Chapman, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1774 na kufa Indiana mwaka 1845, aliokota mbegu kwenye mitambo ya kukamulia matufaha, akawatangulia walowezi na kuwaoteshea vitalu. Imani yake ya dini ilimfanya achukie kubebesha, akiona ni kuutesa mti. Kwa hiyo matufaha ya huko yalikuwa machachu kwa sehemu kubwa. Yalikamuliwa yakawa kinywaji kikali, na yaliyobaki yalifaa kupikwa na kutiwa utamu. Uchachu huo ndio kobla inaoutaka mpaka leo.

Pai aliijua kila mtu aliyetoka Uingereza, lakini pai inataka tanuri ya matofali, meza ya kusukumia na muda. Mtu aliyejenga kibanda cha magogo msituni alikuwa na meko ya mawe, na kwenye meko sufuria moja nzito ya chuma cha kusubu.

Sufuria hiyo inastahili kusimuliwa kwa kirefu. Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipewa hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga, na tangu hapo vyungu vikawa vyepesi kidogo, rahisi kidogo, na vingi. Wamarekani walikipenda chungu cha aina moja wakakiita oveni ya Kiholanzi: kina miguu mitatu mifupi ya kukiinua juu ya makaa, mpini wa kukining'iniza, na kifuniko bapa chenye ukingo uliosimama pande zote. Ukingo ndio siri yake, maana unazuia makaa yanayowekwa juu yasidondoke wala majivu yasiingie chakulani. Mpishi wa Pwani hahitaji maelezo mengi hapa, kwani hivyo ndivyo anavyopalia wali: moto kidogo chini, makaa juu ya kifuniko. Kwa kobla, mpishi wa mpakani aliweka makaa machache chini na mengi juu, akazungusha sufuria robo duara kila baada ya muda, na kifuniko akakizungusha upande wa pili, ili pasiwe na sehemu inayoungua wakati nyingine ni mbichi. Kufungua alifungua kwa kulabu, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kifuniko kikiinama tu majivu yote yanamwagikia ndani.

Sufuria hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoliondoa ganda la chini. Ganda lililolala chini ya matunda yenye maji mengi hulowa likabaki bichi, na palipogusana na chuma cha moto huungua. Wapishi waliliacha. Kinyunga kikiwekwa juu hupata mvuke wa matunda kutoka chini na joto kavu kutoka kwenye kifuniko, na hutoka laini ndani na kigumu kidogo nje. Hakitaki kusukumwa, na hata meza haihitajiki. Wanaoandika kwamba kobla ni pai iliyoshindikana hawajawahi kupika juu ya makaa. Mpishi huyu alijua anachokifanya.

Lakini donge la unga na maji bila kiumulio ni jiwe, na hamira ilikuwa shida kuitunza safarini. Suluhisho lilitoka kwenye majivu. Marekani ilikuwa inakata misitu na kuchoma magogo, na majivu yake yaliloweshwa, maji yakachujwa na kuchemshwa hadi ikabaki chumvi. Chumvi hiyo ikiokwa hugeuka nyeupe, nayo ndiyo potashi iliyosafishwa. Ilikuwa biashara kubwa kiasi kwamba hataza ya kwanza kabisa kutolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa njia yake mpya ya kuitengeneza. Miaka 6 baadaye, huko Hartford, Connecticut, Amelia Simmons alichapisha American Cookery, kitabu cha kwanza cha mapishi kuandikwa na Mmarekani. Ndani ya kurasa zake chache aliagiza potashi hiyo itiwe kwenye unga ili uumuke. Ikikutana na kitu kichachu, kama maziwa ya mgando, hutoa hewa ya kaboni mara moja, na unga hujaa vipovu kwa dakika chache. Ubaya wake ni kwamba huchanganyika na mafuta ikaacha ladha ya sabuni.

Mwaka 1846 John Dwight na Austin Church walianza kuuza beking soda iliyokuwa tulivu zaidi. Bado mpishi alihitaji kitu kichachu cha kuiamsha, na unga mchachu uliotumika ulitokana na mapipa ya mvinyo ya Ulaya, kwa bei ya Ulaya. Eben Horsford, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipata hataza mwaka 1856 ya asidi kavu ya fosfeti iliyotengenezwa kutokana na mifupa, ambayo iliweza kuchanganywa na soda na kuuzwa ikiwa tayari. Hiyo ndiyo beking pauda. Kuanzia hapo donge la kobla lilihitaji unga, mafuta, maziwa au maji, na kijiko cha unga mweupe.

Viungo navyo vina njia yao, na moja inapita kwetu. Matufaha yaliyopikwa New England yalitiwa mdalasini, kungumanga na karafuu, na hakuna kati ya hivyo kinachoota kule. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walikuwa wamezoea Unguja tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia sahihi mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem aliwasili Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza. Meli zao zilileta nguo ya pamba iliyoitwa amerikani mpaka bara, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, na karafuu za mashamba mapya ya Sayyid Said. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid mwenyewe, Sultana, ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Na'aman, na katika shehena yake mlikuwa na magunia 135 ya karafuu. Watu walijaa bandarini kumtazama nahodha Mwarabu na mabaharia wake. Karafuu zikaingia madukani, na kutoka madukani jikoni. Hakuna awezaye kuifuata chembe moja hadi ndani ya sufuria ya mtu, lakini mkondo ni huo. Na mkononi mwa nani zilichumwa? Mwa watumwa wa Unguja na Pemba, katika miaka ile ile ambayo jikoni za Kentucky na Virginia ziliendeshwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Utamu wa karne ya 19 ulibebwa na watu hao kwenye ncha zote mbili za safari, na simulizi yoyote ya chakula hiki inayowaruka haijakamilika.

Henderson Luelling aliliona hilo waziwazi. Alikuwa Mkweka wa kijiji cha Salem katika Iowa, mkulima wa miche, na nyumba yake ilikuwa kituo cha kuwaficha watumwa waliokuwa wakitoroka kutoka Missouri. Mwaka 1847 aliamua kuhamia Oregon, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000, na akaamua pia kwamba hataiacha miti yake. Alitengeneza masanduku marefu yaliyoenea bodi ya gari la kukokotwa na maksai, akayajaza udongo uliochanganywa na vumbi la mkaa, akapanda humo miche ya matunda yapata 700 iliyobebeshwa: mitufaha, mipeasi, mipichi, miplamu, micheri. Juu yake akapiga fito ili mifugo isiiguse. Miche ilihitaji maji kila siku, palipo na mto na pasipo na mto.

Msafara ulimchoka. Gari lilikuwa zito, maksai wakidhoofika na wengine wakafa, na wenzake wakamshauri aimwage miti yote aokoe mkewe na watoto wake wanane. Luelling alikataa. Mwishowe alijitenga na msafara akaenda kwa mwendo wake. Alivuka milima ya Rocky na kuteremka mto Columbia, akafika bonde la Willamette na karibu nusu ya miche ikiwa hai. Mkewe, Jane, aliyekuwa mjamzito njia nzima, alijifungua baada ya kufika, na mtoto akapewa jina Oregon Columbia.

Miti hiyo, iliyopandwa karibu na Milwaukie, ndiyo iliyokuwa mama wa bustani za matunda ya kubebesha za pwani ya magharibi. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, wachimbaji waliokuwa wakiishi kwa nyama ya chumvi walinunua matufaha ya Oregon kwa bei ya ajabu. Ndugu yake Henderson, Seth, aliendelea na kazi kwenye bustani hizo, na ni huko ilikotokea cheri iitwayo Bing, iliyopewa jina la msimamizi Mchina, Ah Bing. Nimeliandika jambo hili kwa sababu majina ya wafanyakazi hubaki mara chache, na hili limebaki.

Waliopita njia hiyo bila gari la miti walikula matufaha makavu. Vuli ilipofika mashambani, majirani walikusanyika usiku kumenya, kukata na kutunga vipande kwenye nyuzi, wakavianika au kuvitundika juu ya meko. Mwaka 1803 Moses Coates wa Pennsylvania alipata hataza ya mashine ya kumenyea. Unachoma tunda kwenye kijiti, unazungusha mkono, ganda linatoka utepe mrefu. Tufaha kavu halina uzito, halivunjiki, na hukaa miezi. Likilowekwa usiku kucha hurudi kuwa laini. Njiani kuelekea magharibi likawa tunda la kila juma, mpaka watu wakalichoka na kulilalamikia kwenye barua na shajara zao.

Wachunga ng'ombe wa Texas walilirithi. Mwaka 1866 Charles Goodnight alilichukua gari la zamani la jeshi, akalifungia nyuma kabati la droo lenye mlango unaoshuka kuwa meza, na hilo likawa jiko la kwanza la safari ndefu za kuswaga ng'ombe. Humo mlikuwa na unga, maharage, kahawa, beking soda na matufaha makavu; sufuria za chuma zilisafiri kwenye ngozi iliyoning'inizwa chini ya gari. Kobla ilipikwa kwenye shimo la makaa kwa ajili ya vijana waliokuwa juu ya farasi kutwa nzima. Mpishi aliyeijua vizuri hakukosa kazi.

Mwaka huo huo, Mei 1866, katika kijiji cha Paw Paw, Michigan, kilichapishwa kijitabu kiitwacho A Domestic Cook Book. Mwandishi alikuwa Malinda Russell, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru Tennessee, mjane mwenye mtoto mlemavu, aliyewahi kuwa na duka lake la vitumbua na keki. Mwaka 1864 wavamizi walimpora akiba yake yote, akakimbilia kaskazini. Alichapisha kitabu ili apate nauli ya kurudi kwao. Kwa kadiri inavyojulikana hadi sasa, ndicho cha kwanza cha mapishi kuandikwa na mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Sehemu kubwa yake ni vyakula vitamu, na Russell anamtaja aliyemfundisha kazi: Fanny Steward, mpishi mweusi wa Virginia. Kwa karne nzima wapishi wa namna ya Fanny Steward walikuwa wametajwa kama mikono tu, wakati bibi wa nyumba anaandika kitabu. Russell aliandika jina.

Virginia hiyo hiyo, katika kijiji cha Freetown kilichoanzishwa na watumwa walioachwa huru, babu yake akiwa mmoja wao, alizaliwa Edna Lewis mwaka 1916. Alikuja kuwa mpishi maarufu New York, na mwaka 1976 akatoa The Taste of Country Cooking, kitabu kinachofuata misimu ya kijijini kwake, toka machipukizi hadi uchinjaji wa baridi. Jikoni kwao kulikuwa na jiko la kuni na hakukuwa na vijiko vya kupimia, kwa hiyo beking pauda ilipimwa kwa sarafu, ikirundikwa juu ya senti moja, tano au kumi. Ukubwani Lewis aliendelea kujichanganyia yake mwenyewe kwa kuwa hakuipenda ladha ya madini ya ile ya dukani. Aliujua wakati wa keki kuiva kwa kuitegea sikio: ikiwa bado mbichi, inasikika ikichemka.

Anayetaka kuipika leo ana kazi nyepesi kuliko hao wote. Tufaha la kijani aina ya Granny Smith, lililotokea kwa Maria Ann Smith huko Australia katika miaka ya 1860 na linalofika masoko yetu kutoka Afrika Kusini, lina uchachu unaotakiwa na haligeuki uji. Menya kama kilo moja, kata vipande vinene, tia gramu 100 za sukari, maji ya nusu limau, kijiko cha chai cha mdalasini na karafuu mbili zilizosagwa. Kwenye bakuli jingine changanya gramu 200 za unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya beking pauda na chumvi kidogo. Kata ndani yake gramu 80 za siagi baridi, uisugue kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chengachenga, na bado vionekane vipande vya siagi vya ukubwa wa dengu. Mimina mililita 150 za maziwa na uguse tu, usikande, maana kinyunga kilichokandwa kinakuwa kigumu. Dondosha madonge juu ya matunda ukiacha nafasi kati yake ili mvuke upate pa kutokea, kisha oka kwa nyuzi 190 yapata dakika 40. Asiye na oveni apalie, makaa mengi yakiwa juu. Iko tayari rojo linapobubujika zito pembeni na donge la katikati, likichomwa kwa kijiti, halishiki. Iachwe robo saa kabla ya kupakuliwa, rojo lishike.